Baba Mkwe Anataka Kioo cha Mati

Baba mkwe wangu hajawahi kuniomba kitu. Nina miaka kumi na moja na binti yake, na katika miaka hiyo yote neno pekee alilowahi kunituma ni kuufunga mlango wake taratibu kwa sababu bawaba zimelegea. Kwa hiyo Jumatatu ile aliponipigia simu dukani, saa nne asubuhi, wateja wamejaa, nilijua kuna msiba.

"Mwanangu, uko kazini?"

"Niko kazini, baba. Kwema?"

"Kwema tu. Ile televisheni mliyoniletea. Naomba unibadilishie. Nataka ile nyingine, isiyong'aa."

Nikacheka. Huo ndio ugonjwa wangu, nacheka kwanza halafu ndiyo nasikia. "Baba, hiyo uliyonayo ndiyo bora kuliko zote hapa. Watu wanaililia!"

"Najua. Wewe nibadilishie tu, mwanangu, ukipata nafasi."

Akakata. Na mimi, niseme ukweli, nilikasirika.

Kazi yangu ni kuuza televisheni na skrini za kompyuta, huu mwaka wa tisa, na kama kuna jambo linalonivimbisha kichwa ni kujua kioo gani kinamfaa nani. Kuna kioo cha kung'aa na kuna kioo cha mati. Cha kung'aa uso wake ni laini kama sahani iliyooshwa sasa hivi. Nyekundu inakuwa nyekundu kwelikweli, na weusi unakuwa weusi. Cha mati kimepakwa utando wenye vichengachenga usivyoweza kuviona kwa jicho, nao unautawanya mwanga kila unapokigonga, kwa hiyo hakirudishi taa, wala dirisha, wala sura ya mtu. Kasoro yake ni kwamba dukani kinaonekana kimefifia, kama kimeamka na homa. Meneja wetu naye si mjinga. Vinavyong'aa amevipanga upande ambao taa haziviangukii, na vya mati tumevisukumia nyuma karibu na choo. Mteja akiingia anavipita vya mati bila hata kugeuza shingo, anaenda kusimama mbele ya kinachong'aa mdomo wazi. Wiki moja baadaye huyo amerudi: "Bwana wee, nikikaa kutazama taarifa ya habari naona kitambi changu mwenyewe."

Kwa sababu hiyo nina kanuni yangu, na kila muuzaji mpya nimemfundisha mpaka ameichoka. Kabla hujamfungia mtu televisheni, hiyo televisheni izime. Kaa kwenye kiti anachokaa mwenye nyumba, kilekile, si cha jirani yake. Tazama ule weusi. Utakachokiona humo ndicho atakachokuwa anakiona yeye kila siku ya maisha yake.

Nyumbani kwa baba mkwe kanuni yangu sikuifuata. Tulimpelekea televisheni kwa kumshtukiza, yeye akiwa kliniki, na nilitaka akirudi aikute inawaka. Nilitaka na sifa pia. Nikachagua kile kinachong'aa kuliko vyote, nikakaza skrubu ya mwisho mzee akiwa anabisha hodi nyumbani kwake mwenyewe, nikajipiga kifua.

Sasa nimtaje vizuri. Baba mkwe alikuwa fundi saa, na mtaani kwake mpaka leo hawamwiti vingine, ni Fundi Saa tu. Miaka arobaini alikaa kwenye kibanda chenye dirisha moja, lenzi jichoni, kibano mkononi, akiokota skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga na kuirudisha mahali pake kwa mara ya kwanza. Miaka miwili iliyopita mikono ile ikaanza kutetemeka. Ilianza kidogo, ungedhani amepigwa na baridi. Halafu kikombe kikamshinda, halafu kijiko.

Kila Jumapili mchana tunakula kwake, mimi, mke wangu, na shemeji yangu, dada mdogo wa mke wangu, ambaye ndiye anayeishi na mzee na kumtunza. Zamani mzee alikaa kichwani mwa meza. Kijiko kilipoanza kumwaga, siku moja tukafika tukakuta kiti chake kimehama. Amekipeleka upande wa pili wa sebule, kimetazama ukuta, na kimeza kidogo mbele yake, na sisi ametupa mgongo. "Nyinyi kuleni huko, nafasi itoshe," alisema. Sababu tuliijua wote. Hakuna aliyeisema. Mke wangu ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Tukiwa njiani kurudi aliniambia, "Baba anakula anatazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Basi tumwekee hata televisheni pale." Ndivyo televisheni ilivyokuja.

Ajabu ni kwamba chakula kikishaletwa, mzee alikuwa anaizima. Anachukua rimoti, anaizima, halafu anaanza kula ameukazia macho ule weusi. Hilo nalo tulilichekea. Shemeji alisema baba siku hizi anatazama televisheni iliyolala.

Na hapa ndipo ninapoingia mimi na upuuzi wangu.

Dukani wananiita Kasuku. Mteja akishatoka mlangoni tu, mimi ni yeye, kwa kutembea, kwa kukohoa, kwa jinsi alivyokuwa anauliza bei huku anajifanya haimhusu. Wenzangu wanavunjika mbavu. Siku zote nimejiambia simwigi mtu kwa ubaya. Basi Jumapili moja, miezi minne iliyopita, kulikuwa na supu. Mke wangu alikuwa jikoni. Mzee kule mbele, mgongo kwetu, kijiko chake kinagonga ukingo wa bakuli. Shemeji akanitazama, mimi nikamtazama. Nikainua kijiko changu, nikakitetemesha, nikakifukuzia kwa mdomo, shingo mbele, ulimi nje, kijiko kinakwenda huku mdomo unakwenda kule. Shemeji akajaza kitambaa kinywani asisikike.

Shemeji nisimsemee vibaya. Yeye ndiye anayefua yale mashati yenye madoa ya supu, kila siku inayokuja, kabla hajaenda kazini na akisharudi. Alicheka kama mtu aliyechoka anavyocheka. Mimi sina cha kujitetea nacho. Nilipenda kuchekesha, basi.

Ikawa mazoea. Mke wangu akienda jikoni, ninaanza. Nikaongeza na mengine, mzee anavyofunga kifungo cha shati, mzee na ufunguo, mzee na kikombe cha dawa. Kule mbele mgongo wake haukugeuka hata mara moja, nami nikahesabu kwamba mtu asiyegeuka haoni.

Jumatano nikapakia televisheni ya mati kwenye gari la duka, nikaenda peke yangu. Mzee alinifungulia mwenyewe, shemeji yuko kazini. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, limepigwa pasi, kama vile mimi ni mgeni rasmi.

"Karibu, mwanangu. Pole na kazi."

"Shikamoo, baba. Nimekuja nayo, lakini ngoja kwanza nione mwanga unatokea wapi. Pengine tukisogeza kiti kidogo tu mambo yataisha, hatuna haja ya kubadilisha chochote."

"Kiti kisisogezwe," akasema upesi. Halafu akalainisha sauti. "Wewe tazama unavyotaka. Nakuletea chai."

Nilitaka kumwambia asijisumbue na chai, nikaona nitamuumiza. Akaenda jikoni. Nikakaa kwenye kiti chake, kwa kuwa kanuni ni kanuni, hata ikichelewa miezi mitano. Mto wa kiti ulikuwa umebonyea upande mmoja. Rimoti ilikuwa chini ya mkono wa kulia, imezungushiwa utepe wa gundi isiteleze. Nikaizima televisheni, nikautazama weusi, nikijiandaa kumwonyesha mzee dirisha lake.

Dirisha halikuwamo.

Sebule ile ina dirisha moja tu, liko ubavuni mwa meza ya chakula, na mwanga wake hauangukii kioo hata chembe. Unaiangukia meza. Na meza ndiyo niliyoiona mle ndani, nyeupe, safi, imekaa katikati ya kioo. Niliona maua ya kwenye kitambaa. Niliona chupa ya chai, na saa ya ukutani mishale yake inakwenda kinyume. Niliona viti vitatu vimepangwa, na cha katikati kabisa kilikuwa changu. Ufito wake mmoja una ufa. Niliuona ufa.

Kwanza nilifikiri kikazi. Nikasema moyoni, hapa hakuna mwanga wowote, mzee amekosea, nitamtania. Nikawa hata nimeshaanza kutabasamu. Tabasamu hilo nililiona kwenye kioo, jino kwa jino, na ndipo lilipoganda. Kama naweza kuona ufito wa kiti, basi aliyekaa kwenye kiti hiki aliweza kuona kijiko changu. Aliuona ulimi wangu. Aliiona shingo.

Masikio yakaniwaka moto. Nikaanza kuhesabu Jumapili, nikaacha, maana hesabu haikuwa inapungua. Nilitamani ardhi ipasuke, na ingepasuka ningeingia bila kuaga.

Halafu likaja jingine, zito kuliko hilo. Mbona alikuwa anaizima? Alianza kuizima tangu wiki ya kwanza, mimi sijamwiga bado. Mtu ameletewa televisheni mpya, anaizima saa ya kula, anautazama weusi. Mimi muuza vioo, mwenye kanuni, nilikuwa nimeshindwa kulijua hilo. Mle ndani alikuwa anatuona. Binti zake wawili, mkwe wake, chupa ya chai, nani anamsogezea nani chumvi. Alikuwa amepata namna ya kukaa mezani na wanawe bila wanawe kuuona mkono wake. Alikuwa anakula na sisi. Na humo humo ndimo mimi nilimoingia kila Jumapili nimetoa ulimi.

Nikamwona anakuja. Alitokea kwenye kioo, kutoka mlango wa jikoni, ameshika trei kwa mikono yote miwili, na kikombe kimejazwa nusu tu kisimwagike. Kijiko kilikuwa kinalia kwenye kisahani. Alipofika kwenye meza akasimama, pembeni ya kiti changu, akainua macho. Tukatazamana mle ndani ya kioo. Hakuna aliyegeuka, wala mimi, wala yeye.

"Umeona tatizo liko wapi?"

"Nimeliona, baba."

"Ni mwanga wa dirisha," akasema. "Unaniumiza macho."

Miaka arobaini mtu huyu alikuwa anaona meno ya gurudumu dogo kama chembe ya sukari. Alijua kabisa kwamba dirisha halimo. Alikuwa ananifungulia mlango nitoke, na mimi nikatoka.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Ni mwanga."

Aibu ya kumwiga ninayo, lakini aibu ya sentensi ile ninayo zaidi. Nilisimama, nikageuka. "Baba, kuna jambo nataka kusema."

"Usiseme." Akaiweka trei mezani, polepole, mpaka kijiko kikanyamaza. "Ukisema, itabidi nikujibu. Sitaki kukujibu. Wewe ni mume wa binti yangu, na anakupenda. Kunywa chai, halafu unifungie hicho kioo."

Nikanywa chai. Nikaanza kufungua televisheni ukutani, na yeye akaja kunishikia skrubu kwenye kisahani, fundi hata akistaafu hawezi kukaa tu mwenzake akifanya kazi. Skrubu zilikuwa zinacheza kwenye kisahani muda wote. Nilikaza macho kwenye bisibisi. Nilipoibeba ile ya zamani kuifunga blanketi nilijiona humo kifua kizima, nikaifunika haraka.

Tulipomaliza akakaa kwenye kiti chake. Nikamwashia, nikamwonyesha vituo, akaitikia kwa kichwa. Halafu akachukua rimoti mwenyewe, akaizima. Akakitazama kioo cha mati kwa muda mrefu. Kilikuwa kijivu, kama ubao uliofutwa.

"Sasa hakuna kitu," akasema. "Vizuri."

Sauti haikuwa ya mtu aliyefurahi.

Mke wangu aliponiuliza kwa nini baba kabadilisha, nilimjibu ni mwanga wa dirisha. Uongo wa mzee ulikuwa umeshanizoea. Shemeji nilipaswa kumwambia. Nilimpigia simu mara mbili, na mara zote mbili nilipomsikia anasema "haloo" nikamuuliza habari za kazi. Kumwambia kungekuwa kusema kwa mdomo wangu kwamba baba yake alituona, yeye na mimi, na kwamba yeye nilimponza mimi. Nikaona haya. Nikajiambia nitaacha tu, na nikiacha yatakwisha.

Jumapili ikafika. Kulikuwa na supu tena.

Nilikuwa nimekata shauri. Nikachukua bakuli langu na kiti changu, kilekile chenye ufa, nikaenda kukaa ubavuni mwa mzee, nikikitazama kioo naye. Mke wangu alitabasamu. Shemeji akakunja uso, hakuelewa.

"Baba, leo nimeona nikae huku na wewe."

"Karibu, mwanangu." Akaweka kijiko chini. Mikono akaipeleka chini ya kimeza, katikati ya magoti, akaibana hapo.

Nikala vijiko viwili. Akaniuliza habari za duka. Nikamjibu. Akaniuliza kama mvua imenyesha upande wetu. Nikamjibu. Supu yake ikaanza kufanya utando juu, na mikono haikutoka. Ilinichukua muda kuelewa, na mimi ndiye ninayejidai mwepesi. Mtu huyu alikuwa radhi ashinde na njaa kuliko kuinua kijiko mbele ya macho yangu, macho yangu hasa, ya mtu mwingine pengine angeyavumilia. Hata nafasi ya kujuta nilikuwa nimeitafuta kwenye sahani yake.

"Ngoja nikae mezani, baba, kiti hiki kinanisumbua mgongo."

"Haya, mwanangu."

Nikarudi. Nilipokaa tu nikasikia kijiko chake kinagonga bakuli.

Mke wangu akaenda jikoni kuleta maji. Shemeji akashika tama, akanitazama, macho yanacheka tayari. Alikuwa na wiki ngumu, nilimwona mashavu yamebonyea, na alikuwa anasubiri dakika yake moja ya Jumapili. Nikamtikisia kichwa kwamba hapana. Akadhani ni sehemu ya mchezo. Nikainamia bakuli langu. Nilitaka kula, basi, kama mtu yeyote anavyokula. Nikachota supu, nikainua kijiko.

Mkono ukatetemeka.

Sikuutuma. Ulianzia begani ukashuka mpaka kwenye vidole, na supu ikamwagika kwenye maua ya kitambaa. Nikaushika kwa mkono wa pili, nao ukatetemeka. Nikasogeza mdomo nikiwahi kijiko kisije kikamwaga chote, na nilipokuwa nakifuata hivyo nikajua nafanana na nini. Nilitaka kukitua. Vidole havikuachia.

Shemeji akatafuta kitambaa cha kujaza kinywani akachelewa. Kicheko kikamtoka chote, kikubwa, cha wiki nzima, mpaka akapiga meza kwa kiganja. "Leo umezidi!" akasema akipaliwa. "Jamani, leo umempata kabisa!"

Kule mbele kijiko kikasimama.

Kichwa cha mzee kikainuka. Akakitazama kioo. Nilijua anatutafuta mle ndani, kwa mazoea tu, kama mtu anavyopapasa miwani pale alipozoea kuiweka. Kile cha zamani kingemwonyesha uso wangu, na machozi yaliyokuwa yameshafika kidevuni, naye alikuwa mtu wa kuona vitu vidogo, angeyaona. Hiki hakikuwa na kitu. Nilikifunga mimi mwenyewe, na nilikifunga vizuri.

"Baba," nikasema. "Baba, safari hii si…"

"Kuleni, wanangu," akasema bila kugeuka. "Kuleni, chakula kinapoa."

Akapapasa rimoti chini ya mkono wa kulia, akaiwasha televisheni. Mtangazaji akatokea anasoma habari za bei ya mafuta. Mzee akaongeza sauti, akaongeza tena, mpaka mke wangu akatoka jikoni na jagi la maji kuuliza kuna nini.